Saa Nne za Jua

Mkwe wangu Mwanamize husema yuwa, mimi husema jua.
Mwaka wa sita huu tunagombania kitu kimoja
kwa majina mawili, uani, Wiyoni,
chini ya mkwaju alioupanda marehemu mumewe
kabla mimi sijazaliwa kule Muyeye, Malindi,
ambako mchicha huota hata ndani ya mfereji.

Hapa mchicha wangu wa kwanza ulirefuka
kama mtoto mgonjwa: shingo tu,
rangi ya maji ya mchele.
Mbilingani ulitoa maua, ukaona haya, ukayapukutisha.
Nyanya, msiniulize.

Nikachukua vijiti vya mishikaki,
na wiki nzima, kila saa, nikachomeka kimoja
pale ukingo wa kivuli ulipofika.
Shekuwe, jirani, akachungulia juu ya ukuta:
"Wapima kaburi la nani?"
"La mkwaju," nikamjibu.

Mwanamize alisikia. Hakunisemesha
mpaka Ijumaa.

Kisha kaskazi ikakaza. Kisima kikapanda chumvi,
maji matamu ndoo mbili kwa siku, moja ya watu.
Matuta ya Shekuwe, yaliyokaa peupe,
yakapasuka kama visigino.
Sukuma yake ilijikunja saa tatu asubuhi,
ikakunjuka usiku, ikajikunja tena.
Siku ya nne haikukunjuka.

Kwangu, chini ya mti niliouchimbia kaburi,
nilitia kidole udongoni: baridi,
hadi pingili ya pili.
Majani ya mkwaju, madogo, makavu,
yalikuwa yamelala tabaka juu ya tabaka
juu ya samadi ya punda,
na chini yake nyungunyungu, mwekundu, mnene,
akajipinda kwa hasira ya kufunuliwa.
Nikamfunika upesi.
Sikumwambia mtu.

Lakini sijaja kuusifia mti.
Nilipochimba shimo la pilipili nilikutana na mzizi
mnene kuliko kidole gumba,
umejinyoosha katikati ya tuta langu
unakunywa ndoo yangu.
Na masika ilipoingia, kivuli kilekile kilichoniokoa
kikawa hakikauki:
unga mweupe juu ya majani ya maboga,
konokono wakipanda bamia foleni
kama wana miadi huko juu.
Kivuli ni mkopo wa dukani.
Uliza umekopa mwezi gani.

Vijiti vyangu vilikuwa vimenionyesha mkosaji:
tanzu moja tu, la chini, la upande wa mashariki,
lililonyooshwa juu ya matuta kama mkono wa bawabu.
Asubuhi jua likija, linazuiwa hapo.
Tanzu hilo lina kovu la kamba
kulikofungwa bembea ya mume wangu na nduguze.
Mara tatu nilifungua kinywa,
mara tatu nikaomba chumvi.

Siku moja baada ya alfajiri nikamkuta ukumbini
amepakata msumeno, anaufuta kutu kwa mafuta ya nazi.
"Yuwa halipiti," akasema. "Nami nna mato."
Tukamwita Shekuwe atushikie ngazi.
Hakuangalia likianguka. Aliingia jikoni,
akagongagonga masufuria yasiyo na kosa.

Sasa jua huingia kwa chini, kumi na mbili,
huyapitia matuta moja moja,
na likifika saa nne hupanda, likamezwa na kilele,
mchana wote ukabaki kivuli.
Toka kumi na mbili hadi saa nne, saa nne:
hesabu hii humchekesha sana binti yangu Nuru.

Mchicha umekuwa na shingo ya kadiri.
Mbilingani nimeung'oa, hatukuelewana.
Mwanamize hukalia gogo la tanzu lile
kuchambua mboga, na kovu la kamba
amelielekeza upande wake.

Kijiti kimoja nimekiacha, ukingoni mwa tuta la mwisho.
Mwezi wa pili kivuli kilikuwa kikisimama hapo.
Leo kimekipita shubiri moja na kidole.